Utabiri wa Juzi

Ofisi ya utabiri wa hewa ilikuwa na kompyuta kubwa kuliko zote mjini, na kompyuta hiyo ilikuwa na kipaji cha ajabu: iliweza kukwambia kwa usahihi kabisa hewa ilivyokuwa juzi. Ukitaka kujua kama jioni ya leo utakohoa, ulitakiwa usubiri. Ukishakohoa, ukapona na ukasahau, ndipo majibu yalipotoka, tena na desimali zake.

Aliyeipa kompyuta kipaji hicho alikuwa daktari wa kemia ambaye ofisi nzima ilimwita Molekuli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha kooni hata wakati wa joto, na aliamini kwa moyo mmoja kwamba kila kitu kinachoelea hewani kina haki ya kujulikana kwa jina lake. Sasa, vinavyoelea hewani si haba. Rangi ya ukutani ikikauka hutoa mvuke. Petroli hutoa mvuke, na vanishi, na manukato, na mafuta ya kukaangia, hata miti iliyojikalia zake porini bila ugomvi na mtu. Jua likiupiga mvuke huo, unabadilika, unakuwa mzito, unashikamana, na mwisho wake unageuka vumbi laini lisiloonekana, linaloingia kifuani mwa watu bila kubisha hodi. Molekuli alikuwa ameandika programu iliyoufuata mvuke wa kila aina tangu kuzaliwa hadi kuganda: ndoa zake, talaka zake, watoto, wajukuu na vilembwe. Maelfu kwa maelfu. Ukimwambia inachelewa, alikutazama kwa huruma akasema, "Haraka haraka haina baraka."

Kwa kuwa wananchi walikuwa na tabia mbaya ya kutaka utabiri kabla ya siku yenyewe, Mkurugenzi aliwapa programu nyingine, ya zamani, nyepesi kama karatasi. Hiyo haikujisumbua na mambo ya mvuke. Ilihesabu moshi wa magari na viwanda, kisha ikaongeza kiasi kile kile cha vumbi la mvuke kila siku, jua liwake lisiwake, kama mpishi atiaye chumvi bila kuonja. Ilimaliza kazi kabla Mkurugenzi hajamaliza chai. Halafu simu za watu zikaandika kwa rangi ya kijani: *Hewa safi. Furahia matembezi.* Iliandika hivyo siku za mvua na siku za jua. Iliandika hivyo hata siku ile ambayo kutoka dirishani kwa Mkurugenzi mnara wa simu ulioko ng'ambo ya barabara haukuonekana.

"Ukungu," alisema Mkurugenzi, akashusha pazia.

Katikati ya hao wawili alikaa Mama Pacha. Kazi yake ilikuwa kuangalia programu, kuibonyeza na kuweka matokeo kwenye simu za watu, na meza yake ilipakana na ya Molekuli kiasi kwamba akipiga chafya, karatasi za mwenzake zilipeperuka. Alikuwa amesomea hesabu, na zamani kidogo alipendekeza njia ya tatu. Badala ya kuufuata mvuke jina kwa jina, alisema, tuugawe kwenye vikapu vichache kwa kuangalia jambo moja tu: ni mwepesi wa kuruka au mwepesi wa kutua? Usiopenda kutua uende kikapu hiki, unaotua mara moja uende kile, na wenye kusitasita ukae katikati. Jua likiuchoma, uhame kutoka kikapu hadi kikapu. Si uvumbuzi wake. Wataalamu wengine duniani walikuwa wakifanya kitu cha namna hiyo. Yeye alitaka tu kifanywe na hapa.

Pendekezo lake lilipokewa kwa shukrani. Katika ofisi ile, jambo likipokewa kwa shukrani ujue limezikwa.

Nyumbani nako hakukosa wa kumkumbusha. Alikaa na mumewe, fundi wa samani mwenye karakana yake uani. Na watoto wao wawili, wale pacha waliompa jina. Na mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, na nusu nyingine, kwa maoni yake, ilionekana tu kwamba haikupita. Alikuwa na pumu, miwani minene na ulimi ambao haukustaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Habari za kazi? Juzi ilikuwaje?"

"Nzuri, mama."

"Mshukuru Mungu. Na mimi niliyekuwa na wasiwasi nayo."

Mumewe, mtu wa amani, alicheka kwa ndani na kukimbilia uani kupiga msasa. Mama Pacha alizoea. Aliamini kabisa kuwa mama mkwe wake anamwona kichekesho, na hakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Ikaja wiki ya joto kali. Hakukuwa na upepo, jua lilikuwa jeupe, na mji mzima ulikuwa unapakwa rangi. Kiwanda cha rangi kilikuwa kimetoa punguzo kubwa kwa ajili ya sherehe iliyokuwa ikikaribia, kwa hiyo kila mwenye ukuta alikuwa juu ya ngazi. Mchana anga liligeuka rangi ya chai ya maziwa. Programu nyepesi ilitazama hayo yote ikatangaza: *Hewa safi. Furahia matembezi.* Mama Pacha aliisoma, akasita, akaiweka. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya.

Alasiri simu yake ikalia. Mumewe, sauti imemkauka. "Mama kaanguka barabarani. Tuko hospitali."

Alipofika alimkuta mama mkwe amekaa kitandani, kifuniko cha hewa usoni, mabega yakipanda na kushuka kama mtu anayepiga pampu. Macho yalikuwa wazi, yameingiwa na kitu ambacho Mama Pacha hakuwahi kukiona humo: woga. Kando yake alisimama shoga yake wa tangu ualimu, bado kashika viatu vya mgonjwa mkononi.

"Tulimkataza," alisema yule shoga kwa kunong'ona, akimvuta Mama Pacha pembeni. "Tulimwambia, mwenzetu, leo hewa nzito, rudi ndani. Akatuonyesha simu. Akasema, 'Mkwe wangu kasema safi, na mkwe wangu hasemi uongo.' Huwa anatuambia hivyo kila siku. Sisi wengine hatuangalii kitu hicho, yeye lazima aangalie."

Mama Pacha alisikia kama kamezwa na sakafu. Ingekuwa afadhali aambiwe mama mkwe alimcheka tangu asubuhi hadi jioni. Kumbe mwanamke yule, ambaye hakuwa na neno jema la kumpa usoni, alikuwa akimtetea kila siku mbele ya mashoga zake. Na kwa kumtetea, alikuwa amekaribia kukata roho.

Ilipofika usiku dawa ilikuwa imefanya kazi yake na ulimi umerejea. Kesho yake, alipoletewa chakula na mkwewe, mgonjwa aliondoa kifuniko usoni na kumtazama juu ya miwani.

"Kaa. Nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi mzito. Kwa nini simu ilisema safi?"

Mama Pacha akakaa, akaeleza. Habari ya mvuke, jua na vumbi laini. Habari ya programu nyepesi isiyojua lolote, na nzito inayojua yote isipokuwa wakati. Habari ya vikapu. Mama mkwe alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo peke yake lilitosha kuitwa dalili ya ugonjwa.

"Shuleni kwangu," akasema mwishowe, "sikuwa najua majina ya watoto wote. Nilijua wakaao mbele, wakaao katikati na wakaao karibu na mlango tayari kutoroka. Mitihani ikija, matokeo nayajua kabla hayajatoka."

"Ndiyo hivyo hivyo, mama. Hivyo ndivyo nilivyopendekeza."

"Wakasemaje?"

"Walishukuru."

Mama mkwe akarudisha kifuniko usoni, akavuta pumzi mbili tatu, akakiondoa tena. "Na huo mvuke umetoka wapi hasa?"

"Rangi nyingi. Magari. Na…" Mama Pacha alimtazama mumewe aliyesimama mlangoni. "Na vanishi."

"Vanishi ya uani kwangu?"

"Kidogo, mama."

"Kwa hiyo aliyenizaa… nani, niliyemzaa mimi, ndiye anayenimaliza, na mkwe wangu ananiaga kwa kijani." Akafumba macho. "Familia yenye ushirikiano. Nileteeni uji."

Siku iliyofuata Mama Pacha aliingia ofisini bila kumsalimia mtu na kuanza kuandika. Hakuomba ruhusa, maana alishaona ruhusa za pale zinavyopatikana. Kila asubuhi alibonyeza kijani kama kawaida; baada ya hapo alijifungia na vikapu vyake. Kila mvuke aliouchukua kutoka katika kazi ya Molekuli aliutazama kwa swali moja, unaruka au unatua, akautupia mahali pake. Mlolongo wa miitikio uliojaza kurasa nzima ukabaki mstari mmoja.

Molekuli alichungulia juu ya bega lake, akashika kifua.

"Mama Pacha! Hizo umezitia pamoja? Hiyo imetoka kwenye miti na hiyo imetoka kwenye petroli! Hazina hata ukoo!"

"Zinatua kwa kasi moja, Daktari."

"Hata mimi na Mkurugenzi tunaanguka kwa kasi moja tukisukumwa dirishani. Sisi ni kitu kimoja?"

"Kwa aliyesimama chini, ndiyo."

Molekuli alikaa chini akaguna. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema Mama Pacha, na sauti yake ikapasuka bila yeye kutaka. "Mama mkwe wangu yuko hospitali, Daktari. Programu yako ilikuwa inajua. Ilijua kila kitu. Ilitoa majibu siku mbili baadaye, alipokuwa tayari amewekewa dripu. Nimeyasoma. Yalikuwa sahihi kabisa. Hongera."

Molekuli alifungua kifungo cha kooni, na hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta heshima mahali ilipoangukia, "Basi tuipime. Yako na yangu, siku zile zile zilizopita. Yangu itachukua muda wake. Yako ikikosea, utaifuta mbele yangu."

"Na isipokosea?"

"Itakosea," alisema Molekuli, na akaonekana kufarijika.

Programu ya vikapu ilimaliza siku zote za jaribio wakati Mama Pacha akiosha kikombe. Ya Molekuli iliendelea kuhema hadi juma likaisha. Walipoweka mistari miwili juu ya kioo kimoja, ilipanda pamoja, ikashuka pamoja, kama watu wawili wanaotembea wameshikana mkono. Isipokuwa kwenye zile siku za joto kali. Hapo mstari wa vikapu ulishuka mapema mno, ukadai hewa imesafika wakati mji ulikuwa bado unakohoa.

"Nilisema!" Molekuli aliruka kutoka kitini. Hakuwahi kuonekana na furaha kiasi hicho. "Futa!"

Mama Pacha aliutazama mstari wake. Siku zile za joto ndizo hasa alizozitaka. Vikapu visivyofaa siku hizo ni sawa na mwavuli usiofaa siku za mvua. Akanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Ngoja," alisema Molekuli. Furaha ilikuwa imemtoka na mahali pake pamekaa kitu kingine. Alikuwa amekunja uso, ameusogelea mstari mpaka pua inagusa kioo. Hakuweza kuvumilia kuona kosa asilijue sababu yake, hata kama ni la adui. "Ngoja kwanza. Joto likipanda, wewe unaruhusu vilivyotua viruke tena, siyo?"

"Joto likipanda vinaruka. Ndiyo kanuni."

"Vikiwa bado wachumba tu, ndiyo. Lakini hivi vimeshakaa pamoja siku nzima, Mama Pacha. Vimeshaoana! Vikishikamana humo ndani vinakuwa kitu kimoja kizito, haviruki tena hata uwashe moto. Wewe unawafukuza watu waliokwisha kufunga ndoa wakati wana watoto!"

"Kwa hiyo nifuate kila ndoa?"

Molekuli alifungua mdomo kusema ndiyo. Ungeweza kuiona ndiyo yenyewe ikija, imevaa suti. Akaimeza. "Hapana," alisema kwa uchungu. "Weka kikapu kimoja zaidi. Cha waliooana. Kila saa sehemu kidogo ya waliotua wahamie humo, na wakiingia wasitoke. Sehemu gani, nitakupa mimi. Ninazo tarakimu." Alijikuna shingo. "Ninazo nyingi sana."

Wakaongeza kikapu. Mistari ikashikana mikono hata kwenye joto. Molekuli aliitazama kwa muda mrefu kama mzazi anayemwona bintiye akiondoka na mtu asiye na shahada, halafu akasema kwamba kwenye chapisho lolote jina lake litangulie.

Wakati huo huo sherehe ilikuwa imekaribia. Ilikuwa inaitwa Mbio za Hewa Safi. Mji ulikuwa umeamua kuadhimisha usafi wa hewa yake, ambao ulithibitishwa na simu za wananchi kila asubuhi, kwa kukimbiza watu elfu kadhaa katikati ya barabara, watoto wa shule mbele, wakubwa nyuma. Mdhamini alikuwa kiwanda cha rangi. Kwa moyo wake wa ukarimu, kilijitolea kupaka rangi mpya kingo za barabara zote za mbio, kuta za uwanja na hata mashina ya miti, yote siku moja kabla, ili wakimbiaji wapite kwenye harufu ya maendeleo. Mbio zingeanza mchana kwa sababu mgeni rasmi hakuwa mtu wa kuamka mapema.

Mama Pacha alibonyeza vikapu. Jua kali, upepo hakuna, rangi mbichi kila kona. Majibu yalitoka haraka kuliko alivyotaka: nyekundu kuanzia mchana, na nyekundu iliyokolea zaidi hasa pale uwanjani.

Aliyachukua hadi kwa Mkurugenzi. Molekuli alimfuata nyuma, hakuna aliyemwita.

Mkurugenzi aliitazama karatasi ile kama mtu aliyeletewa samaki aliyeharibika. Tayari alikuwa amevaa fulana ya mbio juu ya shati lake la kazi, akijaribu kama inamkaa.

"Nyekundu," alisema. "Na ile ya kawaida inasemaje?"

"Kijani, bosi. Ile inasema kijani hata ukiichoma moto."

"Basi tuna maoni mawili." Mkurugenzi aliegemea kiti, akaunganisha vidole. Alikuwa mtu wa busara. Kila penye ukweli na uongo, yeye alisimama katikati. "Kijani na nyekundu. Tukichukua wastani tunapata manjano. Manjano haimuudhi mtu."

"Mapafu hayachukui wastani, bosi," alisema Molekuli kutoka mlangoni. Mama Pacha aligeuka kumtazama. Hata Molekuli mwenyewe alionekana kushtuka.

"Daktari, na wewe umekuwa wa vikapu?"

"Sina kikapu. Yangu pia itasema nyekundu." Akasita. "Keshokutwa."

"Manjano," alisema Mkurugenzi, na mazungumzo yakaisha.

Mama Pacha alirudi mezani. Aliufungua ukurasa wa kutangazia. Rangi tatu zilikuwa zimepangwa pale kama peremende, na mkono wake ukaenda kwenye manjano kama ulivyoagizwa. Alimfikiria mumewe na karakana inayoyumba, ada za pacha, umri wake, idadi ya ofisi nyingine mjini zinazotabiri hewa, ambayo ilikuwa sifuri. Kisha akamsikia yule shoga, ameshika viatu mkononi: *mkwe wangu hasemi uongo.* Akabonyeza nyekundu. Chini yake akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Mchana hewa itakuwa mbaya. Watoto na wenye pumu wasikimbie.*

Halafu akampigia simu mama mkwe, ambaye alikuwa amesharudi nyumbani na kuamuru karakana nzima ihamie kiwanja cha mbali, upande ambao upepo wake hauji nyumbani.

"Mama, nimetangaza nyekundu. Wataifuta muda si mrefu."

"Wewe mwenyewe umeona ni nyekundu?"

"Nyekundu kabisa, mama."

"Haya. Niachie."

Kilichofuata Mama Pacha alikuja kukisikia baadaye. Mwalimu mkuu mstaafu alikaa kwenye kochi, akavaa miwani, akaanza kupiga simu. Hakubembeleza mtu. Walimu wakuu wa shule za mji, wengi wao wenye mvi na vitambi, walipokea simu wakajikuta wamesimama wima. "Wewe, uliyekuwa unakaa nyuma karibu na mlango, unapeleka watoto wa watu kwenye sumu? Mkwe wangu kasema nyekundu." Jioni ile ile, Mkurugenzi alipomaliza kufoka na nyekundu ikafutwa ikawekwa manjano, hakuna shule iliyokuwa bado na mpango wa kukimbia. Bahati mbaya Mkurugenzi mwenyewe hakusoma kwa mwalimu huyo. Ilionekana.

Mbio zikafanyika. Watu wazima walikimbia, kwa kuwa watu wazima ni wagumu kukubali jambo lenye manufaa kwao, na kwa kuwa fulana zilikuwa za bure. Mpaka katikati ya njia shangwe zilikuwa zimegeuka kikohozi. Magari ya wagonjwa yalipishana kwenye kingo zinazong'aa kwa rangi mbichi. Wengi walipuliziwa dawa wakaruhusiwa, wachache walilazwa, na hakuna aliyefariki. Mgeni rasmi aliisoma hotuba ya usafi wa hewa akiwa amefunika pua kwa leso. Sehemu ya watoto, pale mbele ambapo mamia wangekuwa wakihema kwa vifua vidogo, ilikuwa tupu, na mkanda wa rangi umefungwa kuzuia mtu asiyekuwepo.

Waandishi wa habari walipouliza kwa nini watoto hawakuwepo, Mkurugenzi alisogea kwenye vipaza sauti. Macho yalikuwa mekundu, fulana imemganda mwilini.

"Ofisi yangu," alisema, akakohoa, "ilitoa tahadhari mapema. Tuna mfumo mpya, wa kisasa, niliousimamia mwenyewe tangu mwanzo."

Wiki hiyo hiyo Mama Pacha alipewa onyo kali kwa kutangaza tahadhari bila idhini, na Mkurugenzi akapewa ngao kwa kuitangaza. Vyote viwili vilikabidhiwa katika chumba kimoja, wa kwanza akitoka na wa pili akiingia. Mama Pacha alifika nyumbani na lile onyo, akaketi jikoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko akagundua kuwa ni machozi hasa.

Mama mkwe alimtazama kutoka mlangoni. Akavuta kiti kingine, akakaa karibu naye kuliko alivyowahi kukaa.

"Nimefundisha miaka mingi," alisema. "Hata mimi nilipewa maonyo. Yote nilipewa siku ambazo nilikuwa sahihi. Siku nilizokosea nilipandishwa cheo." Akauweka mkono wake, wenye kovu la sindano ya hospitali, juu ya mkono wa mkwewe. "Usinizoeze kukusifu. Nina pumu."

"Sawa, mama."

"Na uache kulia kwenye mboga. Chumvi imeshatosha."

Programu ya vikapu ndiyo iliyotumika tangu siku hiyo. Kwenye kila taarifa ilipewa jina refu lenye neno "Mkurugenzi" ndani yake. Ilisema kweli mara nyingi, na mara ya kwanza iliposema uongo, ilikuwa hadharani: ikatangaza nyekundu, shule zikafungia watoto madarasani, na hewa ikakaa safi kutwa, anga la bluu kama lililofuliwa. Mji mzima ulicheka. Mtu mmoja aliuliza kwenye redio kama ofisi imeanza kutabiri kwa kete.

Mama Pacha aliingia kazini asubuhi yake akiwa tayari kwa lolote. Alimkuta Molekuli amefika kabla yake, kifungo cha kooni wazi, mikono imekunjwa, ametandaza tarakimu mpaka kwenye meza yake yeye.

"Tumekosea," alisema Molekuli, na alilisema lile "tu" bila kulitafuna. "Nimeipata. Viwanda vilifungwa kwa sikukuu, sisi tukahesabu mvuke wao kama kawaida. Vikapu havina kosa. Kosa ni tulichotia ndani."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Mimi ningeorodhesha kila kiwanda, kila bomba, kila kizibo…" Alimtazama usoni, akashusha pumzi. "Au wewe unasemaje?"

Nje, kwenye korido, Mkurugenzi alisikika akimweleza mwandishi kwamba mfumo ule ulibuniwa na vijana wake, naye alikuwa na mashaka nao tangu mwanzo. Mama Pacha alisukuma mlango kwa mguu ukajifunga, akavuta kiti, akaketi upande wa Molekuli wa meza.

"Nionyeshe hivyo viwanda," alisema. "Vikubwa tu."